Kuacha sayansi ya chuo na kujiajiri kwa kutengeneza programu: maswali ninayoulizwa mara kwa mara Lubumbashi

Ukurasa huu ni wa asistanti, CT (chef de travaux, ngazi ya juu ya asistanti) au mhitimu wa sayansi aliye Lubumbashi, Likasi au Kolwezi, ambaye ameanza kufikiria kutoka chuoni na kuishi kwa kutengeneza programu. Mimi nilikuwa asistanti wa jiolojia. Leo natengeneza programu za maabara, za ghala na za zahanati, na sina mwajiri. Maswali haya naulizwa kwa simu, kwenye arusi, hata msibani, kwa hiyo nimeona heri kuyajibu yote mahali pamoja.

Sikusoma informatiki. Nitawezaje kushindana na waliosoma?

Usishindane nao katika uwanja wao. Kijana aliyemaliza informatiki atakutengenezea fomu na vitufe vyake haraka kuliko wewe, na ni haki yake, amesomea. Wewe umekaa miaka mingi na namba. Unajua kipimo kinavyopatikana, kinavyokosewa, na kosa linavyojificha ndani ya jedwali safi. Mteja analipa ili tatizo lake liishe, na tatizo lake mara nyingi liko kwenye hizo namba.

Hata zana tunazotumia kila siku zilitoka kwa watu wa namna hiyo. Travis Oliphant alisomea picha za kitabibu, akawa mwalimu wa chuo kikuu Marekani, akaandika NumPy, maktaba ya kuhesabu namba katika lugha ya programu iitwayo Python. Mwaka 2007 aliacha chuo, na mwaka 2012 akaanzisha kampuni pamoja na mwenzake. John Hunter alikuwa akichunguza ubongo wa wagonjwa wa kifafa alipoanza kuandika matplotlib, ile inayochora grafu unazoziona katika makala nyingi za sayansi. Wote wawili walikuwa na data mkononi, na zana zilizokuwepo hazikuwatosha.

Nipe mfano wa kitu ambacho mwanasayansi anakiona na mwingine hakioni.

Chukua faili la Excel kutoka maabara ya madini. Safu ya shaba, safu ya kobalti, mistari mia kadhaa. Shuka kwenye safu ya kobalti usome vipimo vitano vinavyofuatana: 0,12, kisha 0,08, kisha <0,01, kisha <0,01 tena, kisha 0,31. Ile alama ya < inasema kifaa hakiwezi kupima chini ya hapo. Kwa Excel hayo ni maandishi tu, si namba. Ukiiomba wastani wa safu, inaziruka seli hizo bila onyo lolote na kugawanya kwa zile tatu zilizobaki. Inakupa 0,17. Ukizirudisha zile mbili kwa thamani ya nusu ya kikomo, kama wengi wanavyofanya, unapata karibu 0,10. Sampuli maskini zimetoka kwenye hesabu, na karatasini madini yamekuwa tajiri kuliko yalivyo ardhini.

Sasa lipeleke faili hilohilo kwenye kompyuta iliyopangwa kwa Kiingereza. Koma yetu ya Kifaransa haisomwi tena kama desimali, na mtu akiandika 2,350 anapata 2350. Halafu kumbuka kwamba ndani ya mistari ile kuna sampuli tupu, sampuli zilizorudiwa na sampuli za kiwango, zilizochomekwa makusudi ili kuikagua maabara yenyewe. Asiyejua atazihesabu zote kama mwamba.

Programu inayolisoma faili hilo, ikatenga sampuli za ukaguzi, ikaihifadhi ile alama ya < katika safu yake, na ikakataa kuendelea koma na nukta zinapogongana, ni bidhaa inayouzika katika mji huu. Msimbo wake si mrefu. Kilicho kirefu ni kujua la kuuliza.

Ramani ni vivyo hivyo. Lubumbashi iko katika kanda ya 35 Kusini ya UTM, mfumo unaoigawa dunia katika kanda za ramani. Zipo ramani za zamani zilizochorwa kwa mfumo wa Katanga 1955, wakati GPS ya leo inatoa mahali kwa mfumo mwingine, WGS84. Ukizilaza pamoja bila kubadilisha mfumo, mashimo ya kuchoronga yanahama. Mraba mmoja wa kadasta ya madini, yaani daftari la vibali vya uchimbaji, ni karibu hekta 85, na shimo lililo kando ya mpaka wa kibali likihama, ugomvi umeanza. Anayejua jambo hili na anaweza kuandika mistari michache ya Python hatafutwi mara moja tu.

Nimalize udaktari kwanza?

Kama data imekusanywa na kilichobaki ni kuandika na kutetea, maliza. Utatoka umetulia, na jina lako litabaki limeandikwa kwenye kazi yako. Kama mada ilikubaliwa ila miaka inapita ukisubiri kemikali, kifaa au saini, usiigeuze tasnifu kuwa chumba cha kusubiria. Wateja wa hapa mjini wataomba kuona programu inafanya kazi, diploma hawaiulizi. Wanaoangalia shahada ni mashirika yanayotafuta mshauri.

Nitajuaje kwamba wakati wa kuondoka umefika?

Wengi huniandikia siku ambayo primu (malipo ya nyongeza) haikufika, au jina lao limekosekana tena kwenye orodha ya waliomekanizwa, yaani walioingizwa kwenye mishahara ya Serikali. Uchungu huo ni wa haki. Mtu anafundisha, anasahihisha mitihani ya mamia ya wanafunzi, na mwezi unaisha hana kitu mkononi. Ila uamuzi wa kuondoka usiupime kwa uchungu.

Upime kwa mambo haya. Umeshalipwa na watu wawili tofauti ambao si jamaa zako? Mmoja wao amerudi na kazi ya pili? Unayo akiba ya kulisha nyumba kwa miezi sita? Hilo la tatu lina mtego wake: Septemba ada za shule, sare na madaftari vinakuja kwa pamoja, kwa hiyo ukihesabu miezi sita, hesabu ile iliyo na Septemba ndani. Mwenye mteja mmoja tu, hata awe mkubwa namna gani, bado ni mwajiriwa, na hana hata ulinzi wa mwajiriwa.

Kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, uliza kuhusu disponibilité, yaani kusimama kwa muda kwa ombi lako mwenyewe. Omba kwa maandishi, weka nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Tena wapo wanaobaki kama walimu wageni, wakilipwa kwa saa, na kushika somo moja kwa mwaka. Napenda njia hiyo. Inakuacha karibu na wanafunzi, na wanafunzi wako wa leo ndio wahandisi wa kampuni kesho.

Nijifunze nini?

Python, SQL (lugha ya kupanga na kuuliza hifadhidata) na Git (zana ya kutunza kila toleo la msimbo). Kama tayari unatumia R, lugha ya takwimu, usiitupe. Kama kazi yako ni ya ardhi au afya, ongeza QGIS, programu ya ramani ambayo ni ya bure.

Ningekazia SQL. Vijana wengi huikimbilia mitindo ya kutengeneza kurasa nzuri na kuacha data ilale kwenye mafaili ya Excel yaliyotapakaa, moja kwa kila mwezi, majina yakiishia na "final", "final2", "final mpya". Anayejua kupanga jedwali vizuri, kuzuia rekodi isiingie mara mbili, na kurudisha data iliyopotea, ndiye mteja anayemkumbuka. Git nayo inafanya kazi bila intaneti. Unahifadhi kila hatua kwenye mashine yako na kuipandisha mtandaoni mega (bando la intaneti) zikipatikana.

Si akili mnemba sasa inaandika msimbo yenyewe?

Inaandika, na mimi naitumia. Lakini usipoiambia itahesabu sampuli tupu kama mwamba, na itakupa wastani wa 0,17 kwa lugha nzuri sana. Kazi ya kuiangalia imekuwa kubwa zaidi, na hiyo ni kazi uliyofundishwa miaka yote ya maabara: kutoiamini namba mpaka ujue imetoka wapi.

Wateja wako wapi hapa Lubumbashi?

Watu wote wanafikiria migodi mikubwa kwanza. Migodi mikubwa huja na programu zake kutoka nje na mlolongo mrefu wa kupitisha ankara. Mimi naangalia wanaoizunguka: maabara ndogo za kupima sampuli, kampuni za kuchoronga, wasafirishaji wa magari yanayokwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, karakana zinazotunza mashine. Hao wana data nyingi, wanaiandika kwa mkono au kwenye Excel, na mwenye kampuni yupo hapahapa. Unaweza kumwona ana kwa ana.

Ukitaka kuihudumia kampuni kubwa kama mkandarasi, ifahamu sheria ya ukandarasi mdogo ya tarehe 8 Februari 2017. Inatenga kazi hizo kwa kampuni ambazo mtaji wake mwingi ni wa Wakongomani, na ARSP, mamlaka ya Serikali ya ukandarasi huo, ndiyo inayosimamia. Wewe Mkongomani mwenye kampuni ndogo iliyosajiliwa, sheria hiyo imeandikwa upande wako.

Kisha kuna afya na mashirika ya misaada. Wengi wanakusanya data kwa KoboToolbox, zana ya fomu za simu, na wizara ya afya inatumia DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliotengenezwa Chuo Kikuu cha Oslo. Zana hizo ni za wazi. Unaweza kujifunza nyumbani bila kulipa. Kukusanya wanaweza. Wanapokwama ni baada ya hapo, data imejaa makosa, ripoti inatakiwa Ijumaa. Hapo ndipo unaitwa.

Usidharau duka la dawa la mtaani. Mama mmoja mwenye duka mtaa wa Katuba alinionyesha daftari lake: kushoto dawa zilizoingia, kulia zilizotoka, na kwa kalamu nyekundu zile zinazokaribia kuisha muda. Kila Jumatatu aliyapitia makopo yote kwa mkono. Nilimwuliza, "Mama, ukipata programu, unataka ikuonyeshe nini kwanza kabisa?" Akajibu bila kusita, "Papa, ile nyekundu." Ukurasa wa kwanza wa programu yake hauna kitu kingine ila orodha hiyo, na kila anayeuona anaelewa bila kufundishwa.

Nitoze bei gani?

Anza na maisha yako, usianze na bei ya jirani. Tuseme nyumba inahitaji dola 800 kwa mwezi. Mega, umeme na akiba ya kununua mashine nyingine, weka 200. Kodi za Serikali, ugonjwa na mwezi mkavu, 200 tena. Jumla 1.200. Sasa hesabu siku ambazo kweli utalipwa. Katika siku 20 za kazi, karibu nusu zinaishia kutafuta wateja, kufuata ankara, kujifunza na kusubiri umeme. Ukibaki na siku 10 za kulipwa, siku moja ni dola 120. Asistanti akisikia namba hiyo anashtuka, kwa sababu anailinganisha na mshahara. Huo si mshahara, ndani yake kuna siku nyingine 10 ambazo hakuna anayekulipa.

Kwa mteja mdogo usitaje bei ya siku. Taja bei ya kazi nzima, na uandike waziwazi kazi hiyo inaishia wapi. "Programu ya ghala" ni neno lisilo na mwisho. "Kuingiza dawa, kutoa dawa, orodha ya zinazoisha muda, ripoti ya mwezi" ina mwisho.

Nalipwaje, na nifanye nini mteja akichelewesha?

Chukua malipo ya awali. Mimi naomba asilimia 40 kabla ya kugusa chochote, sehemu ya pili programu ikianza kufanya kazi mbele ya macho ya mteja, na zinazobaki siku ya kukabidhi. Fedha ndogo zinapita kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Kubwa zipitishe benki, kwenye akaunti ya dola. Mteja wa nje akituma kwa benki, benki za katikati hukata chao njiani, kwa hiyo andika kwenye mkataba kwamba makato ni juu ya mtumaji. Na kama bei ni ya dola ila mteja analipa franka, andika ni kiwango cha siku gani kitakachotumika: siku ya ankara, au siku ya malipo. Mstari huo mmoja unaokoa urafiki.

Akichelewesha, simamisha kazi mapema na kwa adabu. "Mzee, nasubiri sehemu ya pili, nikiipata tu naendelea." Usiendelee kwa matumaini. Na usiweke kwenye programu kitu cha kuizima kwa siri. Ukifanya hivyo umepoteza jina, na mji huu watu wanajuana.

Lazima nisajili biashara?

Kwa kazi ya kwanza ya jirani, hakuna atakayekuuliza. Kwa shirika, kampuni au shule kubwa, utaombwa karatasi. Unakwenda Guichet Unique de Création d'Entreprise, ofisi ya kusajili biashara, unapata namba ya RCCM (daftari la biashara), identification nationale na namba ya kodi ya DGI, mamlaka ya kodi. Wengi wanaanza na établissement, biashara ya mtu mmoja kwa jina lake. Kongo iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja za biashara, mwaka 2012, na sheria zake zinaruhusu pia SARL (kampuni yenye dhima ya kikomo) ya mshirika mmoja, ambayo inatenga mali yako ya nyumbani na madeni ya kampuni. Ukianza kusaini mikataba mikubwa, hamia huko.

TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ni asilimia 16, lakini usiiandike kwenye ankara kama hujasajiliwa kuikusanya. Lipa mtu wa hesabu kwa saa moja akueleze. Ni fedha iliyotumika vizuri.

Umeme na intaneti je?

Ndiyo gharama ya kwanza, kabla ya kompyuta mpya. Laptopu ya mtumba yenye betri nzuri, betri kubwa na inveta, paneli ukiweza. Laini mbili za mitandao tofauti. Msimu wa mvua, kuanzia Novemba, radi ikianza chomoa modemu ukutani. Pakua nyaraka za Python na za maktaba zako zote zikae kwenye mashine, uweze kufanya kazi siku nzima bila mega hata moja.

Programu unayomtengenezea mteja nayo iishi katika hali hiyohiyo. Umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi, data isiharibike. Mtandao ukipotea, mauzo yaendelee na kupandishwa baadaye. Iliyotengenezwa kwa mji usiojua giza haidumu wiki moja katika mtaa wa Ruashi.

Naweza kupata wateja wa nje?

Unaweza, na saa zetu zinasaidia. Saa ya Lubumbashi ni ileile ya Johannesburg mwaka mzima. Kiangazi cha Ulaya saa yetu ni ileile ya Brussels na Paris, na majira yao ya baridi tunawatangulia saa moja tu. Mteja wa Ubelgiji anaweza kukupigia saa tatu asubuhi yake ukiwa tayari mezani. Kifaransa tunacho. Kiingereza cha kuandika barua fupi na kusoma nyaraka ni lazima, na ulikuwa unakisoma kwenye makala tangu zamani.

Njia niliyoona ikizaa ni kuchangia programu huria ya fani yako. Rekebisha hitilafu ndogo, eleza vizuri, wanaoisimamia watakujua. Inachukua muda mrefu, usiitegemee kwa chakula cha mwaka wa kwanza.

Msimbo niliouandika maabara ni wa nani?

Usiondoke nao kimyakimya. Mwandikie mkuu wa idara au msimamizi wako, omba ruhusa ya kuutumia au kuuweka wazi kwa leseni huria kama MIT au GPL. Data ya utafiti, hasa ya wenzako, iache. Na kwa wateja wapya andika tangu mwanzo nani atamiliki msimbo baada ya malipo. Mimi nampa mteja haki ya kuutumia na kuubadilisha, nabaki na haki ya kutumia tena sehemu za jumla.

Data za wagonjwa ni habari nyingine. Tangu tarehe 13 Machi 2023 tuna Code du numérique, yaani sheria ya mambo ya dijitali, na inalinda taarifa binafsi za watu. Usibebe majina ya wagonjwa kwenye laptopu yako kwa majaribio; tengeneza majina ya uongo.

Nitawaambia nini wazazi? Walijivuna mtoto wao ni mwalimu wa chuo kikuu.

Usiwaambie umeacha chuo. Waonyeshe unachokifanya. Baba yangu alielewa siku aliyoona jina langu juu ya ankara yenye mhuri, na mteja akinipigia kuniita "Injinia". Kwa wakwe ni vigumu zaidi, kwa sababu mshahara wa Serikali, hata usipofika, una jina. Mwenzi wako aijue hesabu yote: kiasi kilicho benki, mteja anayedaiwa, mwezi utakaokuwa mkavu. Asipoijua, kila umeme ukikatika nyumbani ataona kazi yako imekatika.

Na nikiikosa sayansi, naweza kurudi?

Utaikosa. Mimi nakosa safari za uwanjani na wanafunzi, nyundo mkononi, mtu akivunja jiwe na malakiti, madini ya shaba ya kijani, kutokea ndani. Kurudi kunawezekana ukiacha mlango wazi: endelea kuandika makala na wenzako hata moja kwa miaka miwili, hudhuria utetezi wa tasnifu, wasaidie asistanti waliobaki kupanga data zao. Wawili kati ya wateja wangu wa sasa ni watafiti walio chuoni, na nikikaa nao mbele ya jedwali la vipimo tunagombana juu ya kikomo cha kifaa kama zamani.